Mshenga Hakucheka

Jumapili, Ng'ambo ya Tabora. Jua kali tangu asubuhi, vumbi tupu, na mimi sijatia kitu mdomoni.

Leo nimewafundisha watoto amri ya nane, ya kutomsingizia jirani. Katikati nikafunga kitabu, nikawaruhusu watoke. Mimi, mwalimu wa dini!

Jirani yangu Kondo ni Mzaramo, fundi wa kufua bati; mimi ni mwenyeji wa hapa hapa. Babu zetu walikuwa wapagazi, wakatembea pamoja njia yote ya pwani, na utani wetu ulianzia huko. Yeye huniita mla panya, mimi humwita mchawi, kisha tunakula ugali sahani moja.

Alhamisi alikuja kwangu mshenga kutoka Ujiji, kumuulizia binti wa Kondo, Mwanahawa.

"Jirani, watu hawa wakoje?"

"Hao? Wachawi watupu! Huyo binti ndiye mwenye fisi wote wa Tabora."

Nikacheka. Mshenga hakucheka. Mambo ya utani wetu yeye angeyajulia wapi?

Niliona kabisa kwamba ameamini. Nikanyamaza.

Kwa nini? Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Mwaka jana, vita vya Hitila vimekwisha tu, mke wangu Veronika alifariki. Msibani Kondo alijifunga kanga ya marehemu, akaiga alivyokuwa akichechemea, waombolezaji wakacheka mpaka basi. Ni haki ya mtani, na mimi nilicheka nao. Lakini iliniuma, Mungu anajua, nikaifungia moyoni. Alhamisi nikalipiza kwa mtoto asiye na kosa.

Jana posa imevunjika. Mwanahawa analia, namsikia hapa ukutani. Kondo, masikini, alimwendea mshenga kunitetea: "Yule mtani wangu bwana, anatania tu." Akajibiwa, "Mbona mwenyewe hakusema?"

Jioni hii Kondo amepita barazani kwangu. Nikangoja aniite mla panya. Niliomba kwa Mungu aniite mla panya.

"Habari za jioni, Mwalimu," akasema, akapita zake.

Tangu tujuane hajaniita Mwalimu hata siku moja. Nimelia kama siku ile ya kumzika Veronika.

Kesho mshenga anapanda treni ya Kigoma. Nitamfuata stesheni, nimwambie mbele ya abiria wote. Kusema nilitania ni rahisi, na Kondo ameshanisemea.

Nitasema nilidanganya.