Bendera ya Saa Tano

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nijulishe habari za jino lako. Umeling'oa, au bado unalibembeleza kwa maji ya chumvi? Shemeji hajambo? Sisi huku ni wazima. Magoti ya mama yanalalamika asubuhi na kusahau ikifika mchana. Shangazi mkubwa amemaliza kushona gauni la harusi yako kabla hajakubaliana rangi na wenzake, kwa hiyo jiandae kwa vita. Mimi mwenyewe mzima, isipokuwa kucha mbili za mguu wa kulia zimeniaga.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeuliza swali moja tu, nilifika saa ngapi, nami ningejibu, nawe ungecheka, na mazungumzo yangeishia hapo. Karatasi haimkatizi mtu. Vuta kiti, na tafadhali usiruke hadi mwisho, maana nakujua.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Mashangazi walikaa kikao wakaamua kwamba siku ya harusi yako baba mdogo ndiye asimame mahali pa marehemu baba na kukushika mkono, kwa sababu mimi nitafika watu wakiwa wanakunja viti. Wewe hukusema ndiyo wala hapana. Niliumia, dada. Siku ile nilijifanya kucheka, lakini niliumia. Najua jina la Njiani sikulipata bure. Ni kweli nimewahi kumwambia mtu kwenye simu kwamba niko njiani huku natafuta soksi chini ya kitanda. Lakini mtoto wa kiume wa baba ni mimi peke yangu, na kuambiwa nikae na wageni siku hiyo ni jambo lililonikaa kooni.

Wiki moja baadaye jirani yangu mwokaji mikate, yule aliyeniingiza kwenye mambo ya kukimbia, alikuja kunyolewa. Nilipofika nusu ya kichwa aliinuka kupokea simu, akateleza juu ya nywele za mteja aliyemtangulia, kifundo cha mguu kikateguka. Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akilia huku amenyolewa upande mmoja. Nilimpeleka hospitali hivyo hivyo, na hadi leo watoto wa mtaani wanamwita Nusu.

Sasa mwokaji alikuwa na kazi maalumu katika mbio kubwa za jiji. Kuna watu wanaitwa viongozi wa mwendo. Kila mmoja hubeba mgongoni bendera ndogo iliyoandikwa muda wake. Anayetaka kumaliza kwa saa nne anamfuata mwenye bendera ya nne, na asiyejiweza sana anamfuata wa tano. Mwokaji alikuwa wa tano. Mbio zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo bendera yake lazima ivuke mstari saa tano kamili, isitangulie wala isichelewe. Mkuu wa mbio, yule bwana wa filimbi ambaye nami humnyoa, alipomuuliza nani ataibeba, mwokaji alinitaja mimi. Alimweleza kwamba miaka miwili tumekimbia pamoja na hajawahi kuniona nikiongeza mwendo, hata siku tuliyofukuzwa na mbwa. Ni kweli. Nilimwachia mbwa aamue mwenyewe.

Nilipokupigia kukuambia nimekabidhiwa saa za watu, ulicheka hadi nikasikia simu yako ikianguka. Ulipoiokota ulisema, tena kwa sauti isiyo na mzaha, kwamba nikiifikisha bendera ile saa tano kamili, utawaambia mashangazi wanyamaze na mkono wako nitaushika mimi. Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja kununua saa ya kuamsha. Nilinunua mbili.

Mkuu aliniagiza nifike uwanjani saa nane usiku kwa ajili ya maandalizi. Saa zote mbili ziliita, nami nikazizima zote mbili, na jinsi ilivyokuwa baada ya hapo sijui. Nilifika uwanjani saa tisa na nusu, natweta, nimevaa fulana ndani nje, msamaha wangu nimeupanga vizuri mdomoni. Uwanja ulikuwa mtupu. Mkuu alikuwa peke yake na mlinzi, wanashusha vizuizi kutoka kwenye gari. Alinitazama kwa macho makali, akasema nimechelewa lakini kwa leo amenisamehe, kisha akanipa vizuizi nishushe. Nilimshukuru sana. Viongozi wengine walifika baada ya nusu saa, nami nikajisemea moyoni kwamba kumbe wapo walioshindikana kuliko mimi.

Watu wangu walipokusanyika nyuma ya bendera walikuwa thelathini na ushei. Nitakutajia watatu. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja mwembamba, aliyevaa saa mikono yote miwili kwa sababu, alivyosema, moja inaweza kusimama. Aliniarifu kwamba maishani mwake hajachelewa popote, na kwamba wajukuu wake wanamsubiri pale mwisho saa tano, si saa tano na kitu. Kulikuwa na dereva wa lori, mtu wa tumbo, aliyesema hajawahi kwenda umbali huo bila injini. Na kulikuwa na nesi mwenye sauti ya kuita wagonjwa kutoka upande wa pili wa wodi. Wote walinitazama kana kwamba mimi ni mtu wa maana. Jambo hilo lilinipanda kichwani, dada. Nikawahutubia. Nikawaambia wasitazame saa zao wala barabara wala kitu kingine chochote, wanifuate mimi tu, popote nitakapokwenda. Mwalimu alinitazama, akatazama saa ya kushoto, akatazama ya kulia, akasema vema.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama maji. Kosa langu lilikuwa adabu. Kwenye kila kituo cha maji wanasimama vijana wanakunyooshea kikombe kwa tabasamu, nami kinyozi sikuzoea kumkatalia mtu aliyeninyooshea mkono. Nilipokea maji, nikapokea juisi, nikapokea kitu cha kijani ambacho nilimwona mwenzangu mmoja akikimwaga. Tulipofika eneo la karakana, tumbo liliniambia neno moja, nikalielewa. Niliona lango la seremala liko wazi, nikakata kona nikaingia mbio bila kuaga mtu.

Nao wakaingia. Wote. Usiwalaumu, niliwaambia mwenyewe. Seremala alikuwa peke yake anapiga msasa meza, akainua macho akaona uwanja wake umejaa watu thelathini wenye namba vifuani wakikimbia palepale walipo, katikati ya makochi mapya. Aliangusha msasa akanyanyua mikono. Alisema fedha ziko dukani, si hapa. Nilimuuliza choo kiko wapi, naye akaonyesha kwa kidevu, mikono bado iko juu. Nikiwa ndani nilimsikia nesi akiwaeleza wenzake, kwa sauti yake ile, tatizo langu ni nini, limesababishwa na nini na litachukua muda gani.

Nilipotoka nilikuta foleni. Dereva alikuwa wa kwanza, na nyuma yake nusu ya msafara, maana choo nacho ni kama kupiga miayo, mmoja akianza wengine wanakumbuka. Mwalimu alikuwa ameshawapanga mstari na anawakataza kusukumana. Waliobaki walikalia makochi. Mmoja alilala kabisa, ikabidi amwagiwe maji. Seremala alipoona hali ni ya amani alirudiwa na akili ya biashara, akaanza kutaja bei, na dereva, nakuapia, alitoka mle na ahadi ya kununua kitanda.

Tuliporudi barabarani, mbele yetu, tena mbali, kulikuwa na bendera ya tano na nusu. Watu tuliopaswa kuwaacha nyuma walikuwa wametupita wakiimba. Msaidizi wa Mkuu alitokea na baiskeli, akaniuliza kwa ukali bendera ya saa tano ilipotelea wapi, kwa sababu njia nzima imeitafuta. Nikamjibu kwamba ilikuwa njiani.

Basi tukaanza kufidia. Tulifidia kidogo kidogo, tukaipita ile bendera ya tano na nusu tukiwa tumeinamisha vichwa kama wadeni. Lakini watu walikuwa wanakwisha. Tulipoona mnara wa uwanja kwa mbali, mwalimu msuli wa mguu ulimkaza akawa anachechemea. Yule wa baiskeli alirudi akapaza sauti kwamba muda bado upo ikiwa nitakimbia sasa hivi, na kwamba kinachohesabiwa ni bendera, si watu. Miguu yangu ilikuwa bado na nguvu. Nikakuona wewe na gauni lako, nikamwona baba mdogo akikushika mkono kwa vidole vyake vya ugoro, nikawaona mashangazi. Nikaondoka mbio, dada. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikimbilia kitu.

Nilikimbia kipande kizuri, kisha nikasikia kishindo nyuma. Nikageuka. Walikuwa wananifuata. Wote, macho yametoka, dereva amegeuka rangi, mwalimu anarukaruka kwa mguu mmoja huku nesi amemshika kwapani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama saa wala barabara. Walikuwa wanaitazama bendera mgongoni pangu, kama nilivyowaamuru. Ningekimbia hatua mia nyingine ningewaua. Nikapunguza mwendo hadi nikawa natembea. Nikamwendea mwalimu, nikachukua kwapa la pili.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Bendera ya saa tano ilivuka mstari saa tano na dakika tisa. Nimechelewa tena.

Wajukuu wa mwalimu walikuwa bado wapo, wanapepea vitambaa. Yeye alitazama saa ya kushoto, akatazama ya kulia, akatazama lile lango kubwa la kumalizia kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba miaka yote hii alidhani mtu akichelewa lango huondoka. Kisha akanikumbatia, jambo ambalo wajukuu walisema hawajawahi kuliona.

Mkuu hakunikumbatia. Alinivua bendera mbele za watu. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba nitachelewa, ndiyo maana alimpigia mama simu kumuuliza kama naaminika, na mama akampa dawa ya nyumbani, kwamba Njiani hupunguziwa saa mbili. Kumbe viongozi wote waliambiwa saa kumi alfajiri, na mimi peke yangu saa nane usiku. Nilisimama pale na kucha zangu zinazong'oka nikapiga hesabu. Nilichelewa saa moja na nusu, lakini niliwatangulia wote kwa nusu saa. Na nikakumbuka mahafali yako, nilipofika natoka jasho nikakuta ndiyo kwanza wanapanga viti. Nikakumbuka arobaini ya baba, nilipoomba msamaha kwa kila mtu jikoni na sufuria hata hazijabandikwa. Nilidhani nina jamaa wavumilivu, wanaonisubiri ndipo waanze. Dada, miaka yote hii nimeomba radhi kwa watu niliowatangulia, nanyi mkanisamehe kwa nyuso kavu kabisa! Wewe pia. Mahafalini ulinisamehe mara mbili.

Nilikwenda kwa mama nimevimba kama andazi. Hakukana. Alisema tu kwamba dawa ikifanya kazi huachi kuimeza, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilijaribu kuendelea kukasirika, nikashindwa, tukacheka hadi akashika ubavu.

Sasa nisikilize. Mama ameniambia harusi yako ni saa nane mchana. Baba mdogo alikuja kunyolewa jana, akaniambia bila kujua anafichua siri kwamba ni saa kumi. Usiwagombeze, wala usinitumie saa mpya. Mimi nitafika saa nane.

Unakumbuka baba alivyokuwa akija kukuchukua siku za mitihani? Anafika mapema mno, anakaa kwenye benchi nje ya mlango wa darasa, kofia juu ya magoti, wala hamsumbui mtu. Ulikuwa ukisema unaandika vizuri zaidi ukijua yuko pale. Mimi nilikuwa nasahaulika nyumbani siku hizo, lakini siku nilizoletwa shuleni nililiona lile benchi, na ninalijua. Nimempa neno langu mama, na hata kofia ya baba amenitolea sandukuni.

Dau nimeshindwa na silidai. Mkono wako mpe baba mdogo kama umeshaamua, nami nitashika mkia wa gauni. Lakini utakapokuwa ndani unavishwa na kugombana na shangazi juu ya rangi, ujue kwamba nje ya mlango kuna mtu amekaa, na amekaa tangu saa nane.

Mpe salamu zangu shemeji, mwambie asinyolewe huko, aje kwangu. Mwokaji anakusalimu, nywele zimeota pande zote. Mwalimu naye anakusalimu ingawa hamjuani, na ameomba aje. Jino ling'oe, usije ukatabasamu upande mmoja kwenye picha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Njiani