Njia Inayopita Kati ya Nguzo

Jumatatu, 3 Machi
Chai imepoa tena. Meza tunayo moja na mchoro wa Pascal umeilalia yote, kwa hiyo nimekunywa nikiwa kitandani, nikimtazama. Wiki tatu za ndoa na bado namtazama kama mtu aliyeletewa sofa mpya. Mume wangu! Msanifu wa majengo, kutoka Bukavu hadi hapa Kaloleni. Miaka saba jijini amechora mabenchi ya bustani, lango la chekechea, paa la kivuli kule Pumwani. Sahihi zote ni za wengine, kwa sababu vyeti vyake vya Kongo havijatambuliwa. Kamati ya bustani yetu haijali vyeti. Banda hili la kupumzikia litakuwa la kwanza kubeba jina lake. Nguzo nane, paa kama mwavuli, mabenchi kuzunguka. Zuri mno! Asante Mungu kwa mikono ile.

Jumatano, 5 Machi
Tumepima uwanja. Vigingi, kamba, chokaa. Alinibusu mbele ya kamati. Wazee wakatazama mawingu.

Alhamisi, 6 Machi
Kamba imekatwa. Vigingi viwili vimeng'olewa na kupangwa kando, kwa adabu kabisa. Pascal amevirudisha. Anadhani ni kwa sababu yeye ni mgeni. Imeniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Imekatwa tena. Mwenyekiti amesema watu wasipolikubali banda kufikia mkutano wa Jumanne, watamwita fundi mwingine ajenge kibanda cha mabati. Pascal hakugusa chakula.

Mimi najua sababu. Acha niandike. Banda limekaa juu ya njia ya mkato. Sisi tuliozaliwa hapa tunaipita kwenda kanisani, kuteka maji mferejini, mjini. Haina lami wala jina. Pascal alidhani watoto wa mpira ndio waliomaliza nyasi. Mimi niliona siku ya kwanza, kwenye mchoro. Nikanyamaza. Alikuwa na furaha, na mchoro ulipendeza, nami niliogopa kuwa mke wa kwanza kuvunja moyo wa mumewe ndani ya mwezi mmoja. Mwoga mimi. Nina aibu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia. Kabla hata ya kunawa uso. Akavaa viatu, akatoka. Nikamfuata nikiwa na leso kiunoni na ndara miguuni.

Bustanini tulimkuta Mama Mutua, jirani yetu muuza uji, akiinua mguu kuvuka kamba, ndoo mkononi.

"Bibi arusi, mwambie injinia wako nilipita hapa kabla hajaota ndevu. Siwezi kuzunguka nyumba isiyo na ukuta!"

"Mama, si ungeniambia tu?" Pascal akasema.

"Uliniuliza? Kutwa umeinamia karatasi kama unatafuta chawa."

Akacheka. Pascal wangu akacheka! Akamshikia ndoo avuke. Kisha akaketi kwenye nyasi asubuhi nzima, akitazama miguu ya watu inapokanyaga. Nilimwomba msamaha. Akanishika kidole kimoja tu, akasema, "Siku nyingine, niharibie mchoro mapema."

Sijawahi kumpenda hivi.

Jumanne, 11 Machi
Wamekubali! Banda ni lile lile, ila limefunguka pande mbili na njia inapita katikati. Mabenchi yako kushoto na kulia, yanatazamana. Mama Mutua alisimama mkutanoni akasema sasa hata uji utapata kivuli. Pascal ameandika jina lake pembeni mwa mchoro, kwa wino. Lote, hadi la babu yake. Nimelia mbele za watu na sijali.

Jumapili, 27 Aprili
Tumeketi bandani baada ya ibada. Mvua imeacha. Rangi ya nguzo bado inanukia. Watu wanapita kati yetu na benchi la pili, na Biblia, na vikapu, na mtungi wa gesi. Wachache wanaketi kidogo. Hakuna aliyeinua macho kusoma jina juu ya nguzo. Nilitaka kuwaonyesha. Pascal akatikisa kichwa. Alikuwa akisikiliza viatu vyao kwenye saruji, uso umetulia kabisa.

Akaja mzee na baiskeli. Pascal akavuta miguu ndani, akampisha.