Kimeru cha Wapi?

Jumatatu, 16 Juni 2025

Semina imeanza. Siku tisa! Walimu kumi na wawili wa historia, fasihi na dini tumefungiwa chumba cha kompyuta cha chuo tufundishwe kuhifadhi tafiti zetu mtandaoni. Baridi ya Juni, madirisha hayafungi. Mkufunzi anaitwa Brian, katoka Dar bila hata sweta. Kaniambia, madam, usiogope kompyuta, haing'ati. Nimefundisha historia miaka ishirini na saba – niogope sanduku?

Ila niseme kweli. Kile kifaa cha kugeuza sauti kuwa maandishi kimenipendeza. Unaweka rekodi ya Kiswahili, unakwenda kunywa chai, ukirudi maneno yamejipanga. Mimi kazi hiyo imenimaliza macho.

Jumanne, 17 Juni

Leo tumepandisha rekodi. Zangu arobaini na moja – wazee wa Meru waliohamishwa na Waingereza kutoka Ngarenanyuki mwaka 1951. Tisa ni za shangazi Hanna. Alikuwa na miaka minane.

Kila rekodi lazima uitajie lugha. Lugha huandiki, unachagua kwenye orodha. Natafuta Kimeru, kipo kimoja tu: "Kimeru (Kenya)".

Nikamwita Brian. Akashangaa: kwani Kimeru si Kimeru, madam? Nikamweleza, Wameru wa Kenya ni watu wengine, mlima mwingine, tumegongana jina tu. Wakiongea wao hatusikii kitu. Chetu wenyewe tunakiita Kirwa. Akasema chagua hicho kwanza, bila lugha faili haiendi, tutarekebisha baadaye.

Nikachagua. Mara arobaini na moja, kwa mkono wangu huu!

Jumatano, 18 Juni

Kwenye rekodi, shangazi anasimulia nyumba zao zilivyochomwa moto. Mashine, kwa Kimeru chake cha Kenya, imeandika habari za mkwe na ndizi. Brian kaionyesha kwenye projekta. Darasa zima wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikasimama kibarazani.

Na ile "tutarekebisha baadaye" sasa imekuwa "haiwezekani". Orodha inatoka ng'ambo. Kuongeza lugha unaandika ombi, majibu baada ya miezi sita. Uzinduzi wa hifadhi yetu ya mtandaoni ni Jumanne ijayo! Kwa nini hakusema jana?

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kwa Dokta Ndesanjo, mkuu wa idara. Mwalimu Sumari, anasema, usikuze mambo, si jina tu? Nikamuuliza: wewe wa Machame, nikikuandika Mchaga wa Uganda, utanyamaza? Akacheka. Kisha akakunja uso. Rekodi zako, anasema, ni nyingi kuliko za wengine wote zikiunganishwa. Zikitolewa, hakuna cha kuzindua, na wageni wamekwishaalikwa.

Halafu ndipo ananitajia mgeni wa heshima. Shangazi Hanna! Atatia saini fomu ya ridhaa mbele ya kamera. Wamemwalika kupitia kwa mchungaji wake, mimi sikuulizwa. Shangazi yangu mwenyewe, tumbo moja na baba yangu!

Nimefunga mlango wa Ndesanjo kwa kishindo. Sijuti.

Jumapili, 22 Juni

Hatimaye. Nimekwenda kumwambia shangazi.

Nimemkuta katoka ibadani, gauni la Jumanne keshalitundika ukutani limepigwa pasi. Shikamoo, marahaba, kaa mwanangu. Nikaanza kueleza mambo ya orodha, akanikata. Miaka yote hii, anasema, tumesimulia tukasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Sasa watasikia wa mbali, watajua ni sisi.

Watajua ni sisi! Nikainamia kikombe changu. Nikanywa chai mpaka ikaisha, nikaongezwa, nikanywa tena. Habari ya Kenya sikuitaja. Kanifungia mkungu wa ndizi nirudi nao mjini.

Wiki nzima nawafokea watu, kumbe mwoga mkubwa ni mimi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwomba Brian azifute rekodi zangu zote. Hana ruhusa. Mimi je? Wewe pia huna, madam, ruhusa ya kufuta ni ya mkuu wa idara peke yake.

Jamani! Wazee niliowafuata mimi, kwa miguu, kwenye tope la mlimani, wengine nimeshawazika. Leo sina ruhusa.

Jumanne, 24 Juni

Naandika humu humu ukumbini, safu ya nyuma, la sivyo nitapiga kelele.

Shangazi yuko mbele, gauni lile. Mezani fomu, kalamu – na kidau cha wino wa dole gumba. Wamedhani hajui kusoma! Mwanamke anayemaliza Biblia kila mwaka! Amekisukuma pembeni kile kidau, akatoa miwani kwenye mkoba. Anasoma. Hasomi kama tunavyosoma sisi fomu. Anasoma kila mstari, kidole juu ya karatasi. Ndesanjo anaitabasamia kamera, tabasamu linamwishia.

Kidole kimesimama kwenye mstari wa lugha.

Ameuliza kwa Kiswahili, ukumbi wote usikie: hii Kenya ni ya nani?

Ndesanjo anamwinamia: mama, ni utaratibu wa kompyuta tu, weka saini hapo.

"Hata baba yangu aliambiwa ni utaratibu tu," shangazi anasema. "Akakataa kuweka dole. Wale walitutoa Ngarenanyuki, lakini Meru tulibaki. Ninyi mnanipeleka Kenya nimekaa kwenye kiti!"

Mtu mmoja kapiga makofi, kaacha. Ndesanjo anamnyooshea kalamu. Shangazi ameipokea, ameitia kwenye mkoba wake, ameufunga.

Sasa anauliza nani ameandika hivi.

Ndesanjo anamtazama Brian. Brian, maskini, amegeuza shingo kunitazama mimi. Ukumbi mzima umegeuka naye.

Shangazi amenyanyua uso. Anatabasamu. Ameniona huku nyuma na daftari, amedhani naandika jina la mkosaji. Ananiita kwa Kirwa, jina la utotoni: njoo mbele mwanangu, njoo unisomee, huyo mtu ni nani?