Kitufe Kilichoonekana Kimeshabonyezwa

Alhamisi, Arua. Mvua inanyesha tangu asubuhi na umeme umekatika mara mbili. Afadhali, maana sitaki hata kuitazama kompyuta.

Nimefanya kosa, na kosa lenyewe nililipenda.

Mwezi uliopita zahanati moja ya Koboko ilinipa kazi ya kuchora skrini ya mapokezi. Mgonjwa akifika anagusa kitufe kimoja tu, "Nimefika", anaingia kwenye foleni. Nilikaa na kitufe hicho siku mbili nzima. Nilitia kivuli ndani ya ukingo wa juu, mstari mwembamba wa mwanga ukingo wa chini, rangi nikaipausha kidogo kidogo, mpaka kikaonekana kimezama kama kimechongwa kwenye ubao. Nilipitisha kidole kwenye skrini nikitarajia kuhisi shimo.

Candia, tunayeshirikiana naye ofisi, alikitazama akasema, "Lakini hii iko kama mtu amefinya tayari."

Nilicheka. Nikamwambia yeye ni wa kuchapa kadi za harusi, mambo haya hayajui.

Juzi zahanati ikapiga simu: watu wanakaa bila kuitwa. Nikaenda Koboko. Muuguzi alinipeleka wodini kwa bibi mmoja, Mama Hawa, aliyempakata mjukuu wake wa miaka mitatu, dripu mkononi. Jumatatu alimleta akiwa na homa kali. Aliiona skrini, akakaa kwenye benchi tangu saa mbili. Saa sita mtoto akashikwa na degedege palepale mapajani mwake.

"Huyu ndiye fundi, amekuja kutengeneza," muuguzi akamwambia.

Bibi akanishika mikono yote miwili. "Asante, binti yangu. Mimi ndiyo mujinga. Naona batani iko ndani, nafikiri mutu amefinya kwa sisi. Mimi hapana uliza."

Pale ndipo nilipopaswa kusema.

Nikasema, "Pole, mama."

Kisha nikafungua kompyuta, nikakihamisha kivuli kikakaa nje, chini ya kitufe, nacho kikainuka. Dakika kumi tu. Muuguzi akanishukuru, akaniletea chai. Nikainywa.

Mtoto yuko hai. Leo muuguzi amenipigia: amekunywa uji, kesho mchana wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Nimelia kwa furaha, halafu kwa aibu, kwa sababu wazo lililonijia kwanza ni kwamba sasa hakuna atakayejua.

Na yule bibi atarudi nyumbani akiamini ni ujinga wake uliotaka kumuua mjukuu?

Mchana nimemweleza Candia kila kitu. Hakunicheka. Ameuliza tu, "Na yeye unamwambia lini?"

Kesho napanda gari la kwanza la Koboko, niwakute kabla hawajatoka. Nitamwambia nikiwa bado nimesimama, kabla hajanivutia kiti.