Siku ya Ng'ombe, Siku ya Mtihani

Jumatatu, 2 Oktoba 1995. Kitale

Sauti ile haijanitoka masikioni. Gundi kavu ikiachana, kama mfupa wa kuku unaovunjwa mezani. Chemutai aliweka mgongo wa kitabu juu ya goti lake, akakandamiza, na kitabu kimoja kikawa viwili. Hakuniuliza. Ilikuwa jana baada ya kanisa, kwa kaka yangu Wanjala, Kimilili. Mimi nilikuwa bado napanga nani akae nacho wiki ipi.

Hesabu amechukua yeye kwanza, lugha na hoja nimechukua mimi. Kila Jumatatu tutabadilishana kupitia kwa Barasa, dereva wa lori la kampuni. Kitabu cha kujiandalia mtihani ni kimoja tu, na kilitoka Nairobi kwa taabu.

Leo trekta zilikuwa zimepanga foleni nje ya ghala kabla hatujafungua. Nimepima unyevu wa mahindi siku nzima. Mengi mabichi. Wenye mabichi hugombana. Mchana nimesoma nyuma ya mizani, mkate mkononi.

Kampuni italipia mtu mmoja shule ya biashara. Kati yetu wawili, atakayepata alama za juu kwenye mtihani wa kuingia, Novemba, Nairobi. Mimi napokea nafaka hapa Kitale, yeye anashika hesabu tawi la Bungoma. Na ndiye mchumba wa Wanjala. Mpinzani wangu ni wifi yangu. Nimeandika ili nilione neno lenyewe.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nusu ya hesabu iko kwangu. Pembeni amejaza penseli. Swali ambalo kitabu kinalijibu kwa ukurasa mzima, yeye amelijibu kwa mistari mitatu. Chini yake: "Usikimbilie kupiga hesabu. Jiulize kwanza jibu linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Nusu ya majibu ya kuchagua yatakufa yenyewe."

Nimejaribu. Yanakufa kweli.

Nina shahada. Yeye aliacha chuo mwaka wa pili, baba yake alipougua, akarudi nyumbani kulea wadogo zake. Alipata kazi, akasomea uhasibu jioni. Sijawahi kumsikia akilitaja hilo kama shida. Mimi nikikosa usingizi usiku mmoja, ofisi nzima inajua.

Nina wivu. Ninamheshimu zaidi ya ninavyomwonea wivu, lakini wivu upo.

Jumapili, 22 Oktoba

Kimilili tena. Tumefanya jaribio la saa nzima kwenye meza ya Wanjala, kati ya madaftari ya wanafunzi wake. Chemutai alimaliza mapema, akainuka akaosha vyombo. Nilisikia sufuria zikigongana huku mimi nikihangaika na trekta mbili za kwenye karatasi, moja inatoka Kitale, nyingine Eldoret.

Akasema, "Wifi, wewe unasoma swali kama Zaburi. Ati unangoja likubariki."

Wanjala alicheka mpaka akakaa chini. Nilikasirika. Halafu niliangalia kazi yangu nikaona ni kweli. Nalisoma swali mara tatu kwa hofu, si kwa makini.

Upande wa lugha nilimpita. Aliomba nimweleze kosa moja baada ya jingine. Hakujitetea hata mara moja. Sijui watu wengi wanaoweza hivyo. Mimi siwezi.

Jumatano, 1 Novemba

Barasa ameleta habari kutoka nyumbani. Wazee wetu wamepanga siku ya kupanda mlimani kwa kina Chemutai kuzungumza mahari. Jumamosi tarehe 25. Siku ya mtihani.

Baba hakujua alipopanga. Mahindi ya Tongaren yatakuwa yamevunwa, wazee wote watakuwa nyumbani, basi. Mimi nimeruhusiwa nisiende. Nyumbani kwetu wazee hawaingii kwa watu kuposa bila dada wa bwana harusi kutangulia mlangoni na sukari, na Wanjala hana dada mwingine. Lakini Baba amesema binamu yetu Naliaka atashika nafasi yangu, mradi mimi mwenyewe nimtume. "Msichana wangu ana mtihani." Barasa anasema aliitamka hivyo kwa majivuno.

Chemutai hana wa kumshikia nafasi. Kwao bibi harusi huitwa mbele ya watu wote akaulizwa: unawajua hawa? Tuchukue ng'ombe wao? Asipojibu kwa mdomo wake, hakuna ng'ombe anayevuka lango.

Kwa hiyo nitafanya mtihani peke yangu.

Nilifurahi. Nilikunywa chai yote nikiwa na furaha. Kikombe kilipoisha nilijiona mtu mdogo sana.

Jumatatu, 6 Novemba

Nilitegemea malalamiko. Au asirudishe kitabu. Nusu ya hesabu imekuja, imejaa penseli kuliko mwanzo. Haya si maelezo ya kujisaidia yeye. Ni ya kunisaidia mimi. Amechagua maswali yale yale ninayokosea: asilimia, kasi, migao. Kwenye moja ameandika, "Hili ndilo linalokuangusha, wifi. Lirudie mpaka likuchoshe."

Hakuna neno juu ya tarehe 25. Hata moja.

Ananifundisha nimshinde kwenye mtihani ambao hatafika. Nimekaa na hilo mbele ya trekta zote za leo. Mzee mmoja ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 8 Novemba

Nimempigia simu kutoka ofisini, meneja akiwa nje. Nilimuuliza kama amewaambia wajomba zake kwamba siku hiyo ni ya mtihani.

Amewaambia. Aliomba ajibu wiki moja kabla, mbele ya shangazi zake kama mashahidi. Wakamwambia jibu linalotangulia swali si jibu. Kuomba tarehe isogezwe hawezi. Mwanamke akiahirisha siku ya ng'ombe wake, watasema amemkataa mwanamume. "Lazima itoke kwenu," alisema. Kisha upesi, "Sikuombi, wifi. Nakueleza tu vile iko."

Akaniuliza nimefika wapi na migao.

Jumapili, 12 Novemba. Tongaren

Nimeomba ruhusa ya jana na leo. Mahindi yamejaa uani, Mama na majirani wanapukuchua. Nilipukuchua nao mpaka vidole vikawaka. Nilikuwa naogopa kuanza.

Mwishowe nilimwomba Baba asogeze tarehe. Alikataa. Sababu yake si ndogo. Wao ni watu wa mlimani, sisi ni Wabukusu. Miaka minne haijaisha tangu watu wa pande hizi walipochomeana nyumba. Wazee wa pande zote mbili wamejikaza mpaka wakafika kwenye sukari na ng'ombe. Tukisogeza tarehe, alisema, wataiona dharau. Wanjala anaweza kumpoteza Chemutai kwa sababu ya karatasi.

Nilirudi kwenye mahindi.

Mama ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa, "Na huyo Naliaka, nani amemtuma?"

Nilielewa polepole. Nikarudi kwa Baba. Nikamwambia mimi ndiye dada yake Wanjala, simtumi Naliaka. Nitatangulia mlangoni mwenyewe, na tarehe 25 sipo. Na mlimani wanajua desturi yetu. Wakiambiwa dada hayupo, hawataona dharau. Wataona tumekataa kuingia kwao nusunusu.

Akaniuliza kama najua ninachokifanya. Kwamba kampuni inalipia mmoja. Nilisema najua.

"Huyo msichana anakushinda?"

"Hesabu, ndiyo. Ananishinda, Baba."

"Na bado unataka aende."

Nilisema sitaki kumshinda mtu ambaye amefungiwa nyumbani. Baba alicheka kidogo, si kwa furaha. Akamwambia Mama, "Huyu amekuwa wakili." Mama akamjibu, "Amekuwa wifi."

Ijumaa, 17 Novemba

Mjumbe alipanda mlimani, amerudi. Wamekubali. Mjomba mkubwa wa Chemutai alisema watu wanaongoja dada yao ni watu wanaojua nyumba. Siku mpya ni Jumamosi, 9 Desemba.

Meneja ameniambia Bungoma imempa Chemutai ruhusa. Tunasafiri pamoja.

Sasa naogopa kweli. Wiki mbili nzima sikuwa na mpinzani, nikalala vizuri. Leo nimefanya maswali ya migao na kukosa manne. Sijutii. Naogopa tu.

Jumapili, 26 Novemba

Tumerudi kutoka Nairobi. Miguu imevimba kwa basi.

Ukumbi mkubwa, baridi, wanaume wengi wenye tai. Wasichana tulikuwa wachache. Chemutai alikaa mistari miwili mbele yangu. Nilijikataza kumtazama, nikamtazama. Hakuinua kichwa. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwa mwendo mmoja, kama mtu anayepukuchua.

Sikusoma swali kama Zaburi. Hilo najipongeza. Niliona jibu linaweza kuwa kubwa kiasi gani, nikayaua mengine. Mawili niliyaacha. Sehemu ya lugha ilikuwa kama kutembea nyumbani.

Nje nilimkuta amekaa kwenye ngazi, anakula karanga. Tangu tupande basi hakuwa amesema lolote juu ya tarehe kusogezwa. Akanipa karanga zilizobaki. Akasema, "Wanjala aliniambia vile ulimfanyia mzee." Kisha, "Mimi ningekuwa wewe, sijui kama ningefanya."

Nadhani angefanya. Tena bila kufurahi kwanza kikombe kizima cha chai, kama mimi.

Jumapili, 10 Desemba. Tongaren

Jana nilitangulia mlangoni na sukari. Huko juu kuna ukungu hata mchana, na matope mekundu yalinifika magotini. Shangazi zake walituzuia nje kwa maneno ya utani mpaka Baba akaanza kutetemeka kwa baridi. Mmoja aliniuliza kama ni mimi niliyewachelewesha. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ingia, tuone kama unafaa kungojewa."

Chemutai aliletwa amefunikwa leso. Mjomba akauliza: unawajua hawa? Alijibu anawajua. Akaulizwa kwa nini anawajua. Hilo halikuwa kwenye desturi. Mzee alikuwa anachokoza.

Alijibu, "Walinisubiri."

Wazee wakagongagonga fimbo sakafuni. Baba aliangalia viatu vyake. Wanjala, mwalimu mzima, alilia kama mtoto na hakujificha.

Ng'ombe walijadiliwa mpaka jioni. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nimechoka na nina amani.

Jumanne, 16 Januari 1996. Kitale

Majibu yametoka. Chemutai wa kwanza kati yetu. Mimi nimepita, chini yake kidogo. Kidogo sana. Nilitazama pengo hilo asubuhi nzima; nilitamani lingekuwa kubwa zaidi, ingekuwa rahisi.

Meneja alinipa pole kabla sijasema neno. Nilikwenda chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye mizani. Trekta ni chache mwezi huu. Mahindi makavu, hakuna ugomvi.

Chemutai alipiga simu. Hakunipa pole, na nilimshukuru moyoni. Alisema ataondoka kabla ya mwezi kwisha. Nilimwambia anastahili. Nilikuwa namaanisha.

Shule imesema nafasi yangu pia ipo. Wanaweza kuningojea mwaka mmoja. Kampuni haitalipa. Kwa Baba kuna karo za wadogo zangu. Sijui yangu itatoka wapi.

Saa ya chakula nilitembea mpaka posta. Nimewajibu kwamba nakuja. Barua imeshaondoka na gari la mchana.