Nafasi Uliyoikataa kwa Jina Langu

Mzee Sefu,

Shikamoo sikuletei. Miaka minne nilikuamkia kila asubuhi kabla sijaweka mkoba chini, nawe ukaitikia bila kuinua macho kwenye mashine ya kuchapa, na sikuona ubaya. Leo naandika kwa kalamu, nimekaa kwenye kiti chako chenye mto uliopasuka, na nimeona nianze bila salamu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba barua ya madai haiulizi hali.

Hata hivyo nikupe habari za barazani. Wateja wako walikulilia siku mbili. Siku ya tatu alikuja yule mzee wa Mkonze mwenye kesi ya ng'ombe, akauliza ulipo, nikamwambia tumekuzika. Akanipa pole, akasogeza benchi, akasema basi niandike mimi. Umri wako wote umewaandikia watu hati zao nje ya mahakama ya mwanzo, mahali ambapo wakili haruhusiwi kuingia na asiyejua kuandika hana pa kushika ila kwako, na pengo lako limezibwa kabla chai haijapoa. Nakwambia makusudi, ili ikuume.

Na mimi nilikulilia. Nililia mpaka wanawake wa Kizota wakanishika mikono, wakaulizana kama ni mwanao wa nje, maana wa ndani hukujaaliwa. Machozi yale nayajutia kuliko kitu chochote nilichowahi kukupa.

Nilipokuja kwako kutoka Kibakwe nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na mwaka wangu wa jeshi, sina kazi, nataka kusomea sheria. Ulinicheka. Ulikuwa na mchezo wako: kila kijana aliyetoka chuo kile cha serikali kuletwa Dodoma kuwa hakimu au mwanasheria, ulikwenda kukaa benchi la nyuma la mahakama ya wilaya, ukamsikiliza, ukaandika kwenye daftari, ukarudi barazani kutoa hukumu. "Huyu anajua Kilatini, hajui Kigogo," ulisema siku moja, baraza zima likaangua kicheko. Ulisema zamani chuo kilichagua wachache, wakatoka wamenyooka, lakini siku hizi za ruksa, biashara ikiwa huria, hata sheria imemwagwa chini kama mitumba, mtu anainama na kuchagua. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Halafu jioni nikakuomba unisaidie kujaza fomu za chuo hicho hicho.

Ulinisaidia. Mpaka leo naona mwandiko wako mzuri ule. Tulipofika kwenye anwani nikakwama, kwa sababu nyumbani Kibakwe barua zetu hupitia sanduku la kanisa, na kabla hazijamfika mama zimeshapita mikono kumi. Ukaniambia niweke sanduku lako. Nikaweka. Nusu ya mji huu hupokea barua kwenye masanduku ya watu wengine, na sijawahi kusikia mwenye sanduku akajifanya ndiye mwenye barua.

Majina yalipotoka nilikuwa Kibakwe na mama, tunang'oa vitunguu. Niliporudi uliniambia umesoma gazeti mara mbili, juu mpaka chini, jina langu halimo. Uliniagizia chai na chapati mbili. Ukaniambia chuo kile kingeniharibu, ningerudi najua kuzungumza tu. Nikakushukuru, Mzee. Unakumbuka? Nilikushukuru, nikavuta kiti, nikaandika talaka ya mtu.

Ulikufa mvua za kwanza ziliponyesha. Bi Mwanaidi akiwa edani, ndani ya nguo zake nyeupe, aliniita nimpangie karatasi zako, kwani mkeo husoma herufi za msahafu tu. Nikakuta faili lenye neno CHUO. Juu kabisa ilikuwa barua yangu ya kukubaliwa kusoma sheria, imefunguliwa kwa kisu, taratibu, bila kuchanika. Chini yake nakala ya kaboni ya majibu, kwa Kiingereza chako cha kizamani. Kwamba mimi, Yunisi, nashukuru kwa heshima niliyopewa. Kwamba nimeposwa na harusi imekaribia. Kwamba naomba nafasi yangu apewe mwingine. Na sahihi ni yangu, umeiiga pamoja na ule mkia uliokuwa ukiniambia niufupishe.

Uliniambia mwandishi asiyeweka nakala ni mwizi. Ukaiba, na nakala ukaweka. Hata wizi ulitaka uwe nadhifu.

Chini kabisa zilikuwa barua zako. Tatu. Mara tatu ulifanya mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo hicho, na mara tatu wakasikitika kukukatalia. Ya mwisho ilikuja mwaka mmoja kabla yangu. Ningependa kusema nilikuhurumia. Nilikuhurumia, ndiyo, kwa muda wa kusoma barua tatu fupi.

Kisha nikafungua daftari. Wale uliowacheka barazani, humo ndani umewasifu mmoja mmoja kama mwalimu anayeona wivu. Kuhusu yule mwanamama, mwanasheria wa serikali, ambaye ulituambia anaongea kama redio, umeandika: "Amefundishwa vizuri. Chuo bado ni kizuri, watu waseme watakavyo. Yunisi angempita huyu." Angempita. Nilitazama tarehe. Uliandika hayo miezi saba baada ya kunikatia njia, halafu ukatoka nje ukaniambia nikuletee karatasi.

Bi Mwanaidi aliniuliza karatasi zinasemaje. Ningeweza kumwambia ni risiti. Nilimsomea zote, neno kwa neno, nikamtafsiria, nikimtazama usoni. Aliniomba nirudie pale pa harusi. Nikarudia. Mama wa watu amefiwa, hana mtoto, na mimi nikamrudishia mume wake vipande vipande. Sikuona haya siku hiyo. Haya imekuja baadaye, kidogo.

Nilikwenda kwa yule mwanamama. Nilitaka kujua nilichopoteza kina thamani gani, nikitumaini, Mzee, kwamba hakina thamani. Aliniambia bila kunipaka mafuta. Mwaka ule ulipoikataa nafasi yangu, serikali ilibeba kila kitu: tiketi ya treni, chakula, kitanda, hadi pesa ya vitabu. Mtoto wa mkulima wa Kibakwe aliingia sawa na mtoto wa waziri. Sasa ni kuchangia. Unalipia fomu, unalipia nauli, unalipia usajili, na inasemekana na sahani ya chakula itafuata. Kitabu kimoja wanakisubiri watu ishirini, na kikikufikia kurasa za maana zimeshachanwa. Walimu wengine wamefungua ofisi zao mjini. Nikamuuliza kama bado inafaa kwenda. Akasema, "Kina shida zake. Lakini ukitoka pale, hakuna tena atakayekuuliza kama unaweza."

Wewe uliulizwa hivyo maisha yako yote, najua. Kwa hiyo ulijua unaninyima nini.

Nikakodi sanduku la posta, langu mwenyewe, ufunguo nimeuvaa shingoni kama hirizi. Nikawaandikia chuo. Walijibu kwamba nafasi haiwekewi mtu akiba, alama zangu bado zinafaa, niombe upya kama wengine. Nikaomba. Ijumaa iliyopita wamenikubali. Nitaingia darasani na watoto ambao mimi nikiandika hati za watu wao walikuwa bado wanavaa kaptura za shule.

Tatizo lilibaki moja, nalo ni lako pia. Tangu ufe, nusu ya kipato cha baraza nampelekea Bi Mwanaidi. Nusu inayobaki inanilisha, hainisafirishi. Nilikwenda kumweleza. Sikumwomba kitu, ila nilikaa kimya kile ulichonifundisha, kile kinachomfanya mteja aongeze maneno mwenyewe. Akaingia chumbani akatoka na taipureta yako, ameifunga kwa khanga, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Uza, mwanangu, ukasome. Ila useme umemsamehe. Haki ya mtu, Mungu haisamehi mpaka mwenyewe asamehe."

Alikuwa ameshika upande mmoja wa mashine na mimi upande wa pili, na hakuachia. Nikaelewa. Mwanamke huyu analala kila usiku akikuona umezuiliwa mahali, huendi mbele wala nyuma, kwa sababu ya mtoto wa Kigogo wa barazani. Nikamtazama mikono. Nikamwambia, "Nimemsamehe." Nilisema kwa sauti laini, na macho nikayainamisha kidogo. Akaachia.

Kabla ya alasiri nilikuwa nimeshaiuza, kwa fundi mmoja wa Kizota anayetaka kuandikia wateja wake stakabadhi. Imetosha nauli, usajili na godoro. Mkeo mashine hana, na kuanzia Jumatatu baraza halina mtu. Ataanza kukaanga vitumbua, umri ule, macho yale. Nimeliwaza hilo, nikalipima, na tiketi nimekata.

Kwa hiyo elewa vizuri, Mzee Sefu. Msamaha aliousikia Bi Mwanaidi ulikuwa wa nauli. Sikukusamehe. Kuna asubuhi nafika barazani nakukumbuka ukinifundisha kupanga maelezo, jambo kwanza, lawama baadaye, na natamani ungekuwepo. Hata hizo asubuhi sikusamehi.

Kwaheri. Ahadi yangu ni hii: nitakisoma chuo chako mpaka mwisho, pamoja na shida zake, na siku nikiapishwa nitakuja kaburini kwako nimevaa joho, nikuonyeshe. Pengine siku hiyo nitakuwa na neno jingine kwako. Silikopeshi leo.

Nina ombi moja tu. Wanasema wafu huwatokea wenzi wao ndotoni. Usimtokee Bi Mwanaidi. Jana ameniambia tangu niseme lile neno amelala usingizi mpaka alfajiri, kwa mara ya kwanza tangu akuzike. Kama ulimpenda hata kidogo, usimwambie.

Yunisi