Kitambaa Kilichokatwa

Kwa Dada yangu mpendwa,

Nakujulia hali kwanza, wewe na Mama na goti lake. Sisi huku tu wazima, ila usingizi tunaupata kwa kuuvizia. Mwanao Chiriku ameota jino la tatu na anataka kila mtu ajue. Hivi sasa amelala mapajani pangu. Mkono mmoja unaandika juu ya meza ya cherehani, mwingine unampepea. Ukiona mwandiko umeyumba, jua amegeuka.

Dada, nimerudi darasani. Usicheke. Ni Jumamosi mchana tu, watu wazima tisa kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kugusa videvu. Wiki iliyopita mwalimu alituambia tutunge shairi kuhusu ndoto iliyoahirishwa, na kwamba tusiseme mambo makavu makavu, tutumie tashbihi, tufananishe. Akauliza ndoto iliyowekwa kando inafanana na nini. Fundi baiskeli, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akajibu kuwa ni kama baiskeli iliyoegemezwa ukutani: mwenyewe kila siku husema ataipanda kesho, na kuku keshaatamia kwenye kikapu. Tulicheka mpaka mwalimu akaketi.

Mimi nilikuwa nusu usingizini. Pazia jeupe lilikuwa linajaa upepo na kupungua, linajaa na kupungua, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikajikuta nimeandika kwamba ndoto iliyoahirishwa ni kama kitambaa kilichokatwa kisishonwe; dukani hakirudi, mwilini hakivaliki. Mwalimu akaisoma kwa sauti, akasema hiyo ni tashbihi iliyoiva, akataka kujua nimeitoa wapi. Nikamjibu, "Sandukuni, mwalimu." Wakadhani natania.

Sasa Dada, kama unafagia, weka ufagio ukae.

Unakikumbuka kile kitambaa cheupe cha sare, mwaka ule ulipopata nafasi ya chuo cha uuguzi? Kilipopotea kambani tulikitafuta nyumba nzima, nami nikiwa mbele. Pesa ya kununua kingine haikuwepo; ukasema kisicho riziki hakiliki, ukabaki kumuuguza Mama. Ukasema mwakani, na mwakani ikazaa mwakani. Leo unafagia sakafu za zahanati, na wauguzi wapya wanakuita wewe mtoto akiogopa sindano.

Hakikuibwa. Nilikichukua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na wiki tatu tu kwenye cherehani, nikataka urudi kutoka sokoni ukute sare imekamilika. Vipande viwili vya mbele, vile vya kutia vifungo, nikavikata kimoja kimoja kwa kufuata karatasi ileile ya kipimo, bila kuigeuza. Nilipovilaza sakafuni nikaona vyote ni vya upande wa kulia. Nikavificha sandukuni mwangu. Nikadanganya, na uongo ukakua kuliko mimi. Hata nilipoolewa nilihama nao.

Baada ya darasa nililitoa sanduku. Chiriku akavuta kipande kimoja, akajifunika, akatambaa chumba kizima kama wingu dogo lenye magoti. Nilipomfunua, kipande kikaanguka kifudifudi kando ya mwenzake. Kulia na kushoto. Nikavitazama hadi chai ikapoa. Kitambaa cheupe kisicho na maua hakina ndani wala nje, Dada. Kila mshonaji anajua, hata mimi nimelijua miaka yote hii kwa nguo za watu. Kilitaka kugeuzwa tu. Sikukiharibu kwa mkasi, nilikiharibu kwa kukificha.

Nisamehe, au nikasirikie kwanza, ni haki yako. Lakini usiniambie umri umepita, hilo sitalikubali. Chuo bado kinapokea, nimeuliza mwenyewe, na fomu imo humu kwenye bahasha. Sare nimeishona. Nimeacha wazi upindo na mishono ya ubavuni, kwa sababu vipimo nilivyonavyo ni vya msichana wa miaka kumi na tisa. Shairi nalo nimempa mwalimu bila ubeti wa mwisho, nikamwambia mwenye ubeti huo bado hajafika.

Njoo nikupime.

Mwambie Mama nampa mikono yote miwili. Chiriku ameamka, na salamu zake ungezisikia huko uliko bila barua.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na pini mdomoni,

Mama Chiriku